Supu Isiyo na Karafuu

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemjua. Alijitaja kuwa ni Latifa, akasema yeye na mumewe ndio wanaokaa sasa orofa ya juu ya nyumba ile ya Kibokoni, nyumba ya shangazi yangu Rukiya aliyefariki miaka minne iliyopita, na kwamba katika kusafisha juu ya kabati la jikoni amekuta sanduku la visahani vya kioo vyenye vifuniko, vimefungwa kimoja kimoja kwa magazeti. Alitaka kujua kama vilikuwa vya kutilia achari. Nilicheka hata nikashindwa kumjibu. Nilipopata pumzi nilimsihi asitie achari wala kitu chochote cha kuliwa, nami ningekuja mwenyewe kuvichukua. Nilipoweka simu nililia kidogo, kisha nikacheka tena. Sina tabia ya kulilia vyombo, na umri wangu sasa ni wa kulilia magoti, lakini visahani vile vilinirudisha kwenye mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao nusura nifukuzwe kazi kwa sababu ya karafuu nne.

Jinsi nilivyofika kwa shangazi ni hadithi ndefu isiyo na faida, kwa hiyo naiacha. Itoshe kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na nne, nina cheti changu cha ufundi wa maabara, na nilikuwa nimepewa kazi ya majaribio ya mwaka mmoja katika maabara moja ya maji papa hapa kisiwani. Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili na kibaraza, dirisha moja likitazama ukuta na jingine likitazama mkono mwembamba wa bahari upande wa Kilindini, ambako milio ya meli ilikuwa ikitikisa chupa rafuni. Maji ya bomba yalikuja yalipotaka. Kwa hiyo visahani vyangu vya kuoteshea bakteria nilikuwa nikivichemsha kwanza kwenye sufuria ya presha mpaka hakuna kilicho hai, kisha nikivibeba kwa kikapu hadi Kibokoni, ambako shangazi alikuwa na pipa la maji ya kisima. Alivisugua kwa kumbi la nazi kama vyombo vya harusi. Majirani walikuwa wakipita mlangoni wakimuuliza kama ana shughuli, naye alijibu kwamba ndiyo, shughuli ipo, ila wageni ni wadogo sana.

Mkubwa wangu alikuwa Daktari Wekesa, mtu wa bara, mrefu, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, aliyevaa tai hata siku za joto la Machi. Hakuwa mkali wa sauti. Ukali wake ulikuwa katika kalamu nyekundu aliyoitumia kwenye daftari la kazi zetu. Alikuwa na wazo moja lililomkosesha raha, na alinieleza siku ya kwanza, akitembea huku na huku kati ya meza mbili. Bakteria wengi katika maji taka ya mji, alisema, wamekuwa sugu kwa dawa tunazomeza, tetrasaiklini na wenzake. Mtambo wa kusafishia maji taka unawaua kwa klorini kabla maji hayajamwagwa baharini, na kila mtu analala usingizi. Lakini bakteria anapokufa hupasuka, na jeni zake, yaani maagizo yale yaliyomfundisha kuishinda dawa, humwagika majini zikiwa zimebaki peke yake, nje ya mwili wowote. Je, bakteria mwingine aliye hai, asiye sugu, hawezi kuziokota? Ilikuwa inajulikana kwamba wapo bakteria wanaookota jeni namna hiyo kwenye chupa za wataalamu. Yeye alitaka kujua kama hayo yanatokea katika maji yetu wenyewe, haya ya vyoo vyetu.

Kazi ya mikono ilikuwa yangu. Maji yaliletwa na Bwana Mwakio, Mtaita aliyekuwa msimamizi wa zamu mtamboni, juu ya baiskeli, chupa zimelazwa ndani ya ndoo ya barafu. Mwakio aliyapenda maji yake kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Pembeni ya bwawa la mwisho alikuwa amepanda mapapai, na kila Jumatatu aliniletea moja, akisimama mpaka nilikate mbele yake ili aone lilivyoiva. Mimi niliyachuja maji kwa kichujio chenye matundu madogo hata bakteria hapiti, nikatia chumvi na spirit iliyokuwa ikilala kwenye barafu, nikangoja. Na ndani ya ile spirit, chini ya chupa, kikaonekana kitu kama utando mweupe, mwembamba kuliko uzi wa buibui. Huo ndio uliokuwa mabaki ya waliokufa. Niliuchanganya na kijidudu cha udongoni kisicho na madhara, ambacho tetrasaiklini hukiua mara moja, nikaviweka kisahanini juu ya chakula chenye dawa hiyo hiyo. Asubuhi nikakuta vidoa saba vimeota, kila kimoja ni ukoo wa vijidudu walioishinda dawa. Nilipiga ukelele mlinzi akaja mbio na rungu.

Daktari Wekesa alivitazama vile vidoa kwa muda mrefu. Nami nilimtazama yeye, nikingoja atabasamu.

"Zena," akasema, "hivi ni vya mkono wako."

"Nilinawa, Daktari."

"Kila mtu hunawa. Umegusa mahali, ama umepumulia kisahani. Kitu kikija rahisi namna hii, huwa ni uchafu."

Akachukua kalamu yake nyekundu, akaandika daftarini, mbele ya jina langu: *Uchafu wa mfanyakazi.* Neno lile lilinichoma kuliko tusi. Mimi ambaye nilikuwa nikioga mara tatu kwa siku, mimi niliyelelewa katika nyumba ambayo ukivuka kizingiti na kiatu utagombezwa hadi wasikie wa Makadara! Lakini hakunifungia mlango. Alisema mkataba wangu wa majaribio unakwisha mwisho wa Agosti. Nikiweza kurudia kazi ile kabla ya hapo, pamoja na kisahani kimoja cha ushahidi, atanithibitisha. Nisipoweza, ataandika alichokiona. Kisahani hicho cha ushahidi kingetiwa kimeng'enya, dawa ndogo aliyokuwa ameihifadhi katika friji, ambayo kazi yake ni kukata jeni vipande vipande. Kama vidoa vyangu vililetwa na uchafu wa mkono, kimeng'enya kisingevizuia. Kama kweli vililetwa na jeni zilizoelea majini, kisahani hicho kingebaki kitupu.

Tatizo ni kwamba unga wetu wa kulishia bakteria ulikuwa umekwisha, na mwingine ulikuwa ndani ya kontena Kilindini ukingojea karatasi ambayo kila afisa alisema iko kwa mwenziwe. Zikapita wiki mbili. Zikabaki wiki mbili. Hapo ndipo nilipomwona shangazi akiandaa faluda ya maziwa, nyuzi nyeupe za chaina grasi zimerowekwa kwenye bakuli, nikasimama mlangoni mwa jikoni nimeduwaa. Chaina grasi ndiyo ile ile inayogandisha chakula cha bakteria. Ilinunuliwa dukani Marikiti, na tangu utotoni nilikuwa nikiila. Kilichobaki kilikuwa ni supu ya nyama tupu ya kuwalisha, na vitabu vya zamani vilieleza namna ya kuipika: nyama, maji, chumvi, moto mdogo kwa saa nyingi. Daktari alikubali kwa shingo upande. Maabarani hatukuwa na jiko la kazi hiyo, kwa hiyo ingepikwa Kibokoni. Na jikoni mwa shangazi, kwa miaka yote niliyomjua, hakupika mtu mwingine.

Naliona lile jiko hadi sasa. Lilikuwa chumba chembamba chenye dirisha la mbao juu ya uchochoro, meza moja, mbuzi ya kukunia nazi, kabati la kijani, na rafu ya makopo ya viungo ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuipangua. Nyumba nzima ilinukia karafuu na udi, kuta, mashuka, nywele zetu. Nilimpa shangazi kilo mbili za nyama na maelekezo.

"Nyama, maji, chumvi," nikasema. "Basi."

"Basi?"

"Basi, shangazi."

"Hata kitunguu thomu?"

"Hata."

"Hii supu yenda kwa nani, kwa mfungwa?"

"Yaenda kwa vijidudu."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa, kisha akasema haya, nenda kazini, n'takupikia. Jioni nilibeba sufuria iliyofunikwa vizuri kwa kitambaa, nikaichuja, nikaichemsha kwa presha pamoja na chaina grasi, nikamimina visahani vyangu. Viliganda vizuri ajabu. Vilikuwa na rangi nzuri ya dhahabu. Nilitandaza vijidudu, nikaviweka katika kabati la joto, nikaenda nyumbani nikiimba.

Kesho yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kitu kwenye kisahani cha ushahidi, jambo ambalo lilikuwa zuri. Hapakuwa na kitu kwenye kisahani cha majaribio, jambo ambalo lilikuwa baya. Na hapakuwa na kitu hata kwenye kile ambacho hakikutiwa dawa wala chochote, ambako vijidudu walipaswa kujaa kama watu kwenye maulidi. Wote walikuwa wamekufa. Nilikaa juu ya kigoda nikahesabu siku zilizobaki, zikawa tisa. Mabaki ya utando wangu katika barafu yalitosha mara moja tu. Daktari aliingia, akainua kifuniko cha kisahani cha kwanza, akainamisha pua yake ndefu.

"Zena."

"Naam, Daktari."

"Hii ni maabara ama ni pilau?"

Nilinusa. Sikusikia chochote. Nilinusa tena. Mimi niliyeishi ndani ya harufu ile sikuwa na namna ya kuisikia, ila mtu aliyezaliwa mbali nayo aliijua kwa pumzi moja. Aliniita dirishani penye hewa, akaniwekea kisahani puani, na hapo, baada ya upepo wa bahari kunisafisha, ndipo nilipokutana na karafuu, na iliki nyuma yake, na mdalasini. Karafuu ni ile ile ambayo wazee hutia kwenye jino bovu. Humuua mdudu.

Nilikwenda Kibokoni kwa miguu, kwa hasira, nikapita Ndia Kuu bila kumwamkia mtu, kosa ambalo nililipia kwa mwezi mzima. Shangazi alikuwa akichambua mchele.

"Shangazi, ulitia nini kwenye supu?"

"Sikutia kitu."

"Shangazi."

"Karafuu nne." Aliendelea kuchambua. "Na iliki. Na kijiti cha mdalasini, kidogo tu, hata hakionekani."

"Si nilikwambia nyama, maji, chumvi?"

"Ulinambia. Lakini sufuria yatoka mlango wangu, Zena. Na wawe ni vijidudu, wamekula kwangu! Watu watasemaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Badala yake nililia, na yeye, ambaye hakuwahi kuniona nikilia tangu nihamie, akaangusha ungo. Nikamweleza yote, kalamu nyekundu, neno lile daftarini, siku tisa. Aliuokota ungo. Kisha akataka aelezwe hasa nini ninachotafuta, maana mpaka siku ile alikuwa akidhani nafuga vijidudu kama wengine wanavyofuga njiwa. Nikamwambia kwamba nataka kuonyesha kuwa bakteria aliyekufa anaweza kuacha ujuzi wake majini, na mwingine aliye hai, asiyemjua, akauokota na kuutumia.

"Sasa hilo ndilo la kubishana na daktari?" akasema. "Bi Khadija wa nyumba ya pili si alikufa na mkate wake wa sinia? Hakumfunza mtu, roho yake ilikuwa nzito, Mungu amrehemu. Lakini mkaza mwanawe akakuta karatasi ndani ya debe la unga. Leo yuwapika, yuwauza, nawe waula wausifu. Basi hao wadudu wako wana karatasi zao kwenye debe la unga."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, vingine vinene, na nimekaa kwenye mikutano ya watu wenye miwani wakizungumzia jeni zilizo nje ya seli katika maji taka. Leo ni jambo ambalo lina wataalamu wake. Sijasikia likielezwa vizuri kuliko hivyo, na huwa naudhika kidogo ninapolazimika kulieleza vibaya zaidi ili nieleweke na wasomi.

Shangazi aliinuka. Alichukua mabaki ya rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka mlango, akakata kijiti cha mfagio, akafungua kabati, na kwa herufi zake za Kiarabu, alizojifunza kwenye chuo cha Kurani akiwa mtoto, akaandika ndani ya mlango wa kabati, kwenye mbao tupu: *Supu ya Zena. Nyama, maji, chumvi. Basi.* Ile "basi" aliipiga mstari mara mbili. Siku ya kupika alifanya jambo ambalo nadhani lilimgharimu zaidi ya yote. Aliteremsha makopo yake ya viungo kutoka rafuni, yote, akayapanga kwenye sinia, akaenda kuyaweka amana kwa jirani mpaka sufuria itoke. "Mkono wangu naujua," alisema. Alasiri nzima alikaa kwenye kigoda mbele ya sufuria ile amekunja mikono, uso umemwiva kwa aibu, na kila aliyechungulia mlangoni alimfukuza kabla hajauliza inanukia nini. Haikunukia kitu.

Asubuhi ya matokeo Daktari alifika kabla yangu. Alikuwa amevitoa visahani na kuvipanga mezani juu ya karatasi nyeupe, lakini hakuwa ameinua kifuniko hata kimoja, na heshima ile sijaisahau. Bwana Mwakio alikuwepo pia, na papai lake, amevua kofia. Tulianza na kile kisicho na dawa, vijidudu wamejaa, chakula ni kizuri. Cha vijidudu peke yao na dawa, kitupu. Cha utando peke yake, kitupu, kwa hiyo hakuna aliyepenya kichujio. Kile cha vijidudu na utando na dawa: vidoa kumi na kimoja, mviringo, vyeupe, vimekaa raha mustarehe. Daktari alivuta pumzi. Kilibaki kimoja, kile chenye kimeng'enya. Nikamwomba Daktari afungue yeye. Alikataa. Nikafungua.

Kilikuwa kitupu, safi kama kilivyotoka pipani kwa shangazi.

Hapo Daktari Wekesa akaenda kuleta daftari, akatafuta ukurasa ule, akachukua kalamu nyekundu na kuyakata maneno yake mwenyewe mstari mnyoofu, akaweka sahihi pembeni na tarehe. Akanipa kalamu. "Andika wewe," akasema. Niliandika vibaya sana kwa furaha hata leo ukurasa ule hausomeki.

Ni Mwakio aliyekuwa amenyong'onyea. "Kwa hiyo nawaua bure?" akauliza. "Mimi na klorini yangu miaka yote?"

Daktari alimweleza kwamba si bure hata kidogo, kwamba bila yeye mji ungekuwa mgonjwa, ila sasa tumejua kuna kazi nyingine mbele. Mwakio hakuridhika mpaka Jumapili, Daktari alipotoka kanisani tukaenda wote kwa shangazi, ambaye alikuwa ameapa kwamba waliokiona chakula chake cha aibu ni lazima wale cha haki. Tulikaa mkekani. Palikuwa na supu, na hiyo supu ilikuwa na karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, thomu, ndimu, vyote walivyonyimwa vijidudu vilitiwa humo maradufu. Daktari alilegeza tai kwa mara ya kwanza. Mwakio alirudia swali lake, na shangazi akamjibu huku akimwongezea bakuli: "Wewe wawaua, baba, usijitie unyonge. Ila wameacha karatasi kwenye debe la unga. Sasa hawa wasomi wakupe dawa ya kuchoma karatasi." Mwakio alicheka mpaka supu ikampalia. Nilikuwa na furaha siku ile kwa namna ambayo sijui kama niliipata tena, nimechoka, nimethibitishwa kazi, nimekaa kati ya watu watatu ninaowapenda ambao kabla ya hapo hawakuwahi kukaa mkeka mmoja.

Ripoti yetu ilikwenda kwenye faili, na faili likaenda mahali mafaili huenda. Unga ulitoka Kilindini mwezi mmoja baadaye. Visahani vya plastiki vilipokuja, shangazi alivifunga vile vya kioo kwa magazeti, akavipandisha juu ya kabati, akisema mtu hajui ya kesho.

Juzi, basi, nilipanda ngazi zile tena. Latifa ni msichana mchangamfu, ana mtoto wa kiume wa miaka mitatu anayepanda kila kitu, na alitoka Lamu baada ya shangazi kufariki. Hakupata kumwona hata kwa picha. Alinikaribisha jikoni kwa sababu ndiko kwenye upepo, akanipa kigoda. Wamepaka chumba rangi mpya ya krimu. Nilimwuliza kama kabati ni lile lile.

"Ndilo. Ila mlango huu kwa ndani sikuwaacha wapake," akasema, akaufungua. Maandishi ya kijani yalikuwepo, na "basi" yake ikiwa na mistari miwili. "Niliona ni haramu kufuta, yaonyesha ilikuwa supu ya mtu muhimu. Mwanangu alipougua tumbo akakataa kila kitu, nikampikia hiyo. Akanywa. Sasa kila wiki ataka supu ya Zena. Jirani wa chini naye n'shamfunza." Alinimiminia bakuli. "Leo n'mekupikia wewe, kwani si yenu?"

Nilinywa. Nikashusha bakuli, nikanywa tena, polepole.

"Latifa, umetia karafuu?"

Aliona haya, akatazama mlango wa kabati kama mtoto aliyefumaniwa. "Mbili tu, Bi Zena. Wallahi. Ile iloandikwa haina ladha, nikasema mgeni atanionaje." Akaona machozi yangu, akashika kijiko kwa wasiwasi. "Nikutolee?"

"Ziache," nikamwambia. "Ziache humo humo."